Nimerudi kwenye stoo ya baba baada ya talaka. Nimpe akiba yangu?

SWALI

Shikamoo, mama. Nina miaka 38 na watoto wawili, mmoja darasa la nne, mwingine la saba. Niliolewa kimila, ng'ombe sita wakaletwa kwetu, nikakaa Kampala miaka 13. Talaka ilitoka mwaka jana, na kwenye mgawanyo nikapata shilingi milioni 14 za Uganda. Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni ya malori. Kazi hiyo nimeiacha na sasa niko Busia, upande wa Uganda, kwa wazazi wangu. Watoto wako kwa dada yangu Kampala hadi muhula uishe.

Baba ana stoo ya nafaka ya siku nyingi, mahindi na maharage, na mzigo mwingi unavuka kwenda Kenya. Sukari imeanza kumla macho. Anayeendesha ni mdogo wangu wa kiume, ambaye hakuwahi kuondoka hapa. Baba ameniambia, "Kaa hapa, shika vitabu, mali hii ni yenu wote." Mdogo wangu hanikatazi, lakini funguo hanipi. Anataka milioni zangu 14 zinunue mahindi ya msimu huu. Juu ya hayo, watu wa mume wametuma ujumbe wanataka ng'ombe wao, na baba anafikiria kuuza magunia yaliyopo awalipe yaishe. Nifanyeje? Na je, niendelee kulala nyumbani au nipange chumba? Mtaani nimeshaitwa mtalaka.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ng'ombe, kwa sababu hilo halisubiri: baba asiuze hata gunia moja.

Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika inapingana na Katiba. Kesi ilianzia jirani yenu, ilipelekwa na shirika la Mifumi la Tororo. Msingi wake ni Ibara ya 31, inayowapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa ndani ya ndoa na wanapoachana. Mahari yenyewe haikufutwa, na hapo ndipo watu wengi wanapopotosha. Kilichofutwa ni kumdai mzee ng'ombe aliokwisha kuwapokea. Kwa hiyo baba awajibu kwa upole kwamba mahakama imeshalisema hilo, na kama wanaona wana haki, waende wakadai huko. Akitaka kuwapelekea mbuzi wa kusafisha undugu, kwa kuwa wale watoto ni wa pande zote mbili, hiyo ni hekima yake na mfuko wake. Stoo isiguswe.

Sasa tuje kwa baba mwenyewe. Amekwambia maneno machache na ndani yake kuna vitu vitatu. "Kaa hapa" ni pa kulala. "Shika vitabu" ni kazi. "Mali hii ni yenu wote" ni urithi. Yeye anaviona kitu kimoja, kwa kuwa kwake vyote vinatoka kwenye droo ile ile ya meza, na wewe kwa uchovu uliotoka nao Kampala umevipokea kama kitu kimoja. Vitenganishe sasa, maana mwakani wakati huu vitakuwa vimeshikana na hutaweza kukigusa kimoja bila kukitikisa kingine.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilirudi kwetu nikiwa na umri kama wako, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi la baba yangu. Sikuuliza mshahara, niliona aibu. Nilipewa chumba, chakula na maneno mazuri. Miaka minne nikahesabu pesa za watu kila jioni, misumari kwa kilo, mabati kwa idadi, na mtoto akitaka viatu vya shule nilisimama mbele ya baba nikijikuna shingo kama msichana wa sekondari. Hakuna aliyenidhulumu. Hatukuwa tumeandika kitu, basi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa. Liombe, na uliombe kwa mpini wake wote, yaani kazi gani, siku zipi, saa ngapi, kwa shilingi ngapi, zinalipwa tarehe gani. Kiasi ni kile ambacho stoo ingemlipa karani wa nje kwa kazi hiyo hiyo, bila kuongeza eti wewe ni binti, wala kupunguza eti unalala bure. Kama stoo haiwezi kumlipa karani wa kutwa, chukua nusu siku, na mchana uwafanyie hesabu wafanyabiashara wengine wawili watatu. Busia haijakosa watu wenye malori na magunia wasiojua wanapata faida au wanakula mtaji. (Kisheria, ukishakuwa mwajiriwa wa mshahara, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inakuhusu. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 kutoka kwake, 5 kutoka kwako. Stoo nyingi hazifanyi hivyo. Wewe mhasibu huna kisingizio.)

Ila kuna tatizo hapo, na nadhani ndilo linalozishikilia funguo. Mdogo wako analipwa nini? Nakisia hana mshahara. Anachota. Ada ya watoto wake inatoka droo, mafuta ya pikipiki droo, dawa za baba droo, mchango wa msiba droo. Si wizi, ndivyo stoo za familia zinavyoishi. Lakini ukiingia wewe na kalamu, mwenye mshahara ulioandikwa, kila anachochota kitaonekana wizi. Na wewe, ukimwona anachota bila kuulizwa huku unangoja tarehe 30, utajiona kijakazi kwenu. Kwa hiyo mshahara wako usiandikwe kabla ya wake. Mwambie baba hivyo, mdogo wako akiwepo, na anza na yeye: huyu kabaki hapa miaka yote, apangiwe kiasi chake kwanza, tena kizuri kuliko changu. Utamwona uso unavyolegea.

Mama naye awepo kikaoni, na asiwepo kwa kuleta chai tu.

Kuhusu vitabu, mwezi wa kwanza usibadilishe chochote. Kaa uangalie. Omba daftari la madeni, sio funguo. Nimeyaona madaftari mengi ya aina hiyo: jalada limefungwa kwa mpira wa tairi, kurasa za mbele zimeliwa na mende, na majina ya wadaiwa hayajulikani na mtu mwingine duniani. "Mama wa kona." "Yule wa Fuso." "Mwalimu, magunia 4, alisema Jumanne." Jumanne ya mwaka gani? Anayejua ni mdogo wako peke yake, na elimu hiyo ndiyo mtaji mkubwa wa stoo kuliko mahindi yaliyomo. Kaeni pamoja, yeye akitaja, wewe ukiandika jina kamili, simu na tarehe. Ikichukua wiki mbili, sawa. Ataanza kuona kuwa hesabu zako zinamrudishia pesa, kwa sababu katika daftari kama hilo hamkosi wadaiwa wanaodhani mmesahau.

Kitu cha pili, ambacho kwenu mpakani ni ugonjwa: droo moja, pesa mbili. Mnunuzi wa Kenya analipa kwa shilingi ya Kenya, mkulima analipwa kwa ya Uganda, na katikati mtu anabadilisha kwa bei ya asubuhi iliyotajwa na kijana wa kubadilisha pesa pale barabarani. Jioni hesabu haiungani na kila mtu anamshuku mwenzake. Weka makopo mawili na karatasi moja ya kuandika bei ya kubadilishia kila mara inapofanyika. Gharama yake ni makopo mawili ya maziwa ya unga. Na mkilipa wakulima kwa simu, mkubaliane mapema nani anabeba ada ya kutoa na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa kwenye simu. Nayo huwa inaleta maneno.

Kodi ya mapato nitaigusa tu. Biashara ndogo ambayo mauzo yake ya mwaka ni kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150 hulipa kodi nyepesi inayokadiriwa kwa mauzo, na mwenye kumbukumbu hukadiriwa tofauti na asiye nazo. Ikivuka milioni 150 inatoka kwenye mpango huo. Stoo ya mahindi inavuka kirahisi kuliko mzee anavyodhani, kwa kuwa yeye hufikiria faida na sheria inaangalia mauzo. Mdogo wako pengine analijua hili na ndiyo sababu nyingine haipendi kalamu yako. Msiwe na haraka ya kugombana, nendeni ofisi ya kodi pamoja mkaulize.

Haya, milioni 14. Jibu langu ni usiziingize, si msimu huu.

Kwanza tazama stoo ni ya nani mbele ya sheria. Ikiwa imeandikishwa kwa jina la biashara tu, jina hilo na baba yako ni mtu mmoja. Si kama kampuni, ambayo inasimama yenyewe na ina hisa. Shilingi utakayoweka humo bila maandishi imekuwa ya baba. Sasa, Mungu amweke, lakini tuseme yasemwayo: baba akiondoka bila wosia, mali yake inagawanywa kwa Sheria ya Urithi kama ilivyorekebishwa 2022. Akiwa ameacha mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, watoto wote kwa pamoja hupata asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, nyumba ya kuishi ikiwa na taratibu zake. Mtoto wa kike na wa kiume ni sawa, hilo ni zuri kwako. Lakini soma upande wa pili: milioni zako 14 zitakuwa ndani ya hiyo mali inayogawanywa. Utagawana pesa zako mwenyewe na ndugu zako wote, wakiwemo wale ambao huwa wanajitokeza matangani na barua ya mama yao. Na jasho la kushika vitabu miaka mitano halihesabiwi popote kwenye asilimia hizo.

Pili ni mahindi yenyewe. Mdogo wako anajua kuwa Juni hadi Agosti mzigo mpya unaingia, bei inalala, na mwenye pesa taslimu ndiye mfalme. Ni kweli. Lakini anayenunua Julai akingoja bei ipande amenunua na maji pia. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi ya msimu huo hutoka shambani mvua haijaisha vizuri. Nenda siku moja usimame mlangoni lori la mkulima linaposhusha. Utamwona mdogo wako anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kiganjani, anazitikisa asikie, halafu anang'ata moja. Ikivunjika kwa mlio, anapokea. Hiyo ni taaluma, siidharau, mimi siwezi. Ila jino halioni sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu kwenye nafaka yenye unyevu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, na ilipofungua siku chache baadaye ilikuja na masharti, pamoja na cheti cha kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Waliokuwa na malori njiani zile siku waliona mtaji wao ukipata joto chini ya turubai.

Pesa iliyo yote uliyo nayo duniani, wewe na watoto wawili, haipelekwi huko kwa msimu wa kwanza. Iweke benki kwa jina lako, kwenye akaunti ya muda maalumu ya miezi sita, ili hata wewe mwenyewe ukibembelezwa usiweze kuitoa kwa urahisi. Kama mkono unakuwasha, na utakuwasha kwa sababu kila jioni mtaongea mahindi mezani, nunua kipimo cha unyevu na turubai nzuri za kuanikia. Vinabaki vyako, vinaokoa mzigo wa baba, na mdogo wako atavizoea haraka kuliko atakavyokuzoea wewe.

Ukifika msimu wa pili, Novemba hivi, na bado unataka kuingia, toa mkopo. Usiseme "nimechangia". Karatasi iseme kiasi, tarehe ya kurudishwa, na faida kama ipo. Asaini baba, mdogo wako na mama washuhudie, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, apige muhuri. Nakala yako usiiweke kwenye kabati la stoo. Mwenye karatasi hiyo, lolote likitokea, anadai deni kabla mali haijagawanywa. Asiye nayo anasimulia hadithi mbele ya wajomba.

Njia nyingine, ambayo mimi ningeipenda kwako, ni biashara yako ndogo pembeni: magunia machache ya maharage, kwa jina lako, ukilipia nafasi unayotumia stoo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha, hupita mpakani kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti chepesi cha asili ya bidhaa unajaza hapo hapo mpakani na ushuru wa forodha hulipi. Usiingie njia za panya kwa kuona wengine wanapita. Mwanamke mwenye magunia matatu akikamatwa huko hapotezi magunia tu.

Wosia wa baba ni mazungumzo magumu lakini macho yake hayangoji. Afadhali asaini angali anaona anachosaini. Unahitaji mashahidi wawili, na wewe usiwe mmoja wao, wala mdogo wako, maana shahidi aliyeachiwa kitu kwenye wosia hupoteza alichoachiwa. Usianzishe wewe. Mwombe mama aanzishe, au rafiki wa baba wa msikitini au kanisani. Binti aliyerudi juzi akitamka neno wosia, mtaa mzima utasikia kabla ya magharibi.

Watoto: yule wa darasa la saba amalize mwaka huko huko Kampala, kwa kuwa mtihani wa taifa wa UNEB, ule wa kumaliza msingi, amesajiliwa kwenye kituo cha shule yake. Wa darasa la nne anaweza kuja muhula ujao, lakini kuwatenganisha ndugu mwaka huu, baada ya yale waliyoyaona, mimi nisingefanya. Na matunzo kutoka kwa baba yao hayafi na talaka. Akinyamaza, anzia kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na ikishindikana kuna mahakama ya familia na watoto. Hujaligusa hilo kwenye barua yako. Usiliache kwa sababu ya kiburi.

Mwisho, pa kulala. Lala nyumbani hadi watoto waje. Najua wengine wangekwambia upange mara moja ili ujisimamie, lakini kodi ya chumba sasa inakula akiba yako ili kuwaziba midomo watu ambao hawatazibika. Mtalaka ni neno la Kiswahili kama mengine, linasema ulipotoka, halisemi unakokwenda na wala si tusi isipokuwa likitamkwa kwa pua. Ila usilale bure. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, uwe wako, na unga wa posho. Siku ya mshahara wa kwanza mpe mama kitu mkononi, si mbele ya watu. Januari, watoto wakija, tafuta vyumba viwili karibu na shule, na uage vizuri.

Funguo usiziulize tena. Zitakuja. Siku moja mdogo wako atakuwa Bungoma anamfuata mnunuzi aliyechelewesha malipo, lori la maharage litafika kabla ya wakati, mvua imetanda, wachukuzi wanapiga honi ya midomo pale mlangoni, na baba amekwenda kliniki. Atakupigia simu kukwambia zimewekwa wapi.